Kata Tiketi ya Mafia kwa Hesabu ya Mwezi

Watu wengi hupanga safari ya Kisiwa cha Mafia kwa kuangalia siku walizopewa na mwajiri na bei ya ndege. Wakifika ufuo wa Utende asubuhi, miwani ya kuogelea mkononi, wanakuta bahari imekimbia, matope na majani ya baharini yako wazi mpaka mbali, mashua imelala ubavu, na nahodha anawaambia kwa upole wasubiri mpaka baada ya adhuhuri. Ikifika hiyo adhuhuri upepo umeamka na maji yamechafuka. Wanarudi Dar es Salaam wakisema matumbawe ya Mafia yanasifiwa bure. Matumbawe hayana kosa. Waliokosea ni wao, walioangalia kalenda ya ofisi wakasahau kuangalia mwezi.

Kwa hiyo anza na mwezi. Katika pwani yetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kiasi cha kupanda na kushuka hakilingani siku zote. Mwezi unapoandama, unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana, tofauti ikizidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: bahari hupanda kidogo, hushuka kidogo, na mikondo hupoa. Huhitaji programu ya simu kujua hayo. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha. Tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 za mwezi wa Kiislamu hesabu kuwa bamvua. Tarehe 8 hadi 11 na 22 hadi 25 hesabu kuwa maji mafu.

Saa nazo zina utaratibu wake. Siku za bamvua, ukanda huu wote kuanzia Unguja hadi Mafia hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: bahari hujaa saa 4 asubuhi na kupwa saa 10 alasiri. Kati ya hapo, kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kama hujazoea kuogelea, au unakwenda na watoto, lenga maji mafu. Utapata maji ya kutosha juu ya mwamba wa matumbawe wakati jua limeshapanda na upepo bado haujakolea, na mkondo hautakuburuta. Kama lako ni kuona fungu la mchanga likitokeza katikati ya bahari, kama lile la Mange au Marimbani, basi bamvua ndiyo yako, kwa sababu mchanga huo hufunuka maji yakishapwa. Siku chache za safari haziwezi kukupa vyote viwili kwa ukamilifu. Chagua kimoja, halafu ndipo utafute tiketi.

Baada ya mwezi, upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili hadi Septemba. Aprili na Mei ni masika; mvua hunyesha kwa siku mfululizo, baadhi ya hoteli hufunga kabisa, na sioni sababu ya kwenda. Juni hadi Agosti kusi hupiga kwa nguvu. Bahari ya nje haifai, lakini ndani ya Ghuba ya Chole mwogeleaji bado anapata pa kuogelea, maana visiwa vya Juani na Chole huikinga ghuba hiyo. Miezi mizuri kwa kila kitu ni Oktoba, Novemba na Desemba, kisha Januari na Februari, japo joto la Februari linachosha. Ndiyo pia miezi ya papa potwe, ambao nitawafikia.

Kufika

Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa na kutua Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa. Mizigo huruhusiwa kidogo, mara nyingi kilo 15, kwa hiyo mapezi ya miguuni yenye uzito yaache nyumbani kama unaweza kuyakodi huko. Kaa upande wa dirisha. Rubani akipita karibu na mdomo wa mto Rufiji utaona mikoko ya delta ikitapika maji ya rangi ya chai baharini, na utaelewa papo hapo kwa nini upande wa magharibi wa Mafia una maji mazito yenye chakula kingi na upande wa mashariki una maji mangavu yenye matumbawe.

Njia ya watu wengi ni Nyamisati. Basi hupatikana Mbagala Rangi Tatu, hushika Barabara ya Kilwa hadi Bungu, kisha huchepuka kushoto kuelekea gati iliyo ndani ya delta yenyewe. Hapo kuna kivuko cha serikali na boti za watu binafsi. Gati hiyo iko kwenye mkono wa mto, na maji yakipwa vyombo vinaweza kukwama, ndiyo sababu saa ya kuondoka hubadilika siku hadi siku. Piga simu siku moja kabla uulize chombo kinaondoka saa ngapi, na usiamini ratiba uliyopewa na rafiki aliyesafiri mwezi uliopita. Vaa jaketi la kuokolea tangu gatini, hata kama wenzako wanalikalia kama mto. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka. Kingine kitakuja kesho, na Nyamisati pana chai na chapati.

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kilomita kama 15 za lami. Bodaboda wapo, teksi zipo. Hapo Utende kuna lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambayo ilianzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ina kilomita za mraba 822 na ndani yake wanaishi wavuvi katika vijiji vyao, jambo linaloitofautisha na mbuga nyingi za wanyama. Kiingilio hulipwa kwa siku na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, ila lazima uwe na kitambulisho cha kuonyesha. Wageni kutoka Kenya, Uganda na nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki waulize kiwango chao kabla ya kutoa pesa. Stakabadhi itunze, ukiwa baharini askari wa hifadhi wanaweza kuiulizia.

Miwani, mrija na uso wako

Vifaa vya kukodi ni bahati nasibu, kwa hiyo vijaribu nchi kavu. Bandika miwani usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikibaki imenasa, inakufaa. Ikidondoka, omba nyingine, wala usikubali kuambiwa kwamba ukiukaza mkanda itakaa. Mkanda ukikazwa sana ndio kwanza huupinda ule mpira na kuingiza maji. Masharubu huvujisha, aliye nayo aukate ule mstari wa juu karibu na pua. Waliosuka nywele wazifunge nyuma kwa chini, mkanda ukae kichwani juu zaidi ya uvimbe wa nywele, usiukalie uvimbe wenyewe. Wanaovaa hijabu wachague ya kitambaa chepesi cha kuogelea, na ukingo wake ukae nje ya miwani, maana hata uzi mmoja ukipita chini ya mpira maji yataingia kila dakika.

Kioo kisipate ukungu, temea mate ndani, sugua kwa kidole, suuza mara moja kwa maji ya bahari. Wanaonunua dawa za chupa kwa kazi hiyo wana pesa za kuchezea. Miwani mipya kabisa hudai zaidi: isugue kwa dawa ya meno mara mbili tatu kabla ya safari, ili utando wa kiwandani utoke.

Nguo bora ni shati la mikono mirefu linalobana na suruali ya kubana. Linakukinga na jua la mgongoni, ambalo huunguza hata ngozi nyeusi tii mtu akielea kifudifudi saa nzima, na linapunguza mafuta unayohitaji kujipaka. Baadhi ya mafuta ya kuzuia jua yana kemikali inayotuhumiwa kudhuru matumbawe. Jimbo la Hawaii lilipitisha sheria ya kupiga marufuku uuzaji wa mafuta hayo mwaka 2018. Kwa heshima ya vijiji vya Utende na Chole, ambako watu wengi ni Waislamu, nguo hizo za kubana zifunikwe kwa kanga au shuka ukiwa njiani. Hakuna atakayekufokea, lakini utaonekana.

Wasiojua kuogelea wasikate tamaa. Ukivaa jaketi la kuokolea, maji ya chumvi yanakubeba. Kazi yako ni kutulia tu. Anza maji ya kiunoni, mchanga chini ya miguu. Uma kipande cha mpira cha mrija kwa meno bila kukitafuna, funga midomo kukizunguka, zamisha uso, pumua kwa mdomo taratibu huku ukihesabu hadi kumi. Mwili utapinga mara ya kwanza, kwa sababu haujawahi kuvuta pumzi uso ukiwa majini. Usiusukume. Inua kichwa, cheka, rudia. Mrija ukiingia maji, puliza kwa nguvu mara moja kama unayemwambia mtoto mkorofi "Fuu!", maji yatarukia nje. Miwani ikiingia maji, geuka chali, inua ukingo wa chini, uyamwage. Ukiyaweza hayo mawili bila hofu, uko tayari kupanda boti. Usipoyaweza siku ya kwanza, yarudie siku ya pili. Mwamba hauendi popote.

Ndani ya ghuba

Ghuba ya Chole huvuta maji ya bahari kuu kupitia Mlango wa Kinasi. Maji yakiwa yanajaa, yanayoingia ni yale ya nje, mangavu, na utaona mbali. Yakiwa yanapwa, yanayotoka yamepita kwenye mikoko na matope, na utaona ukungu wa kijani. Muulize nahodha swali moja tu: "Tunaingia maji yakijaa?" Akijibu bila kusita na kukutajia saa, una nahodha. Akikuambia wakati wowote ni sawa, tafuta mwingine. Kinasi penyewe hapamfai mwogeleaji wa juu siku ya bamvua; hata wazamiaji wa mitungi hungoja mkondo utulie. Miamba iliyo ndani zaidi, kama Milimani, na ile ya kusini kuelekea Okuto na Tutia, inafaa zaidi, kila mmoja kwa hali ya siku yake. Mwongozaji aingie majini pamoja nawe. Akibaki botini na simu yake, hujapata mwongozaji, umepata dereva.

Mafia ina zaidi ya aina 400 za samaki, lakini usijaribu kuwaona wote. Elea mahali pamoja kwa dakika kumi, mikono imetulia, na wao watakuja. Utasikia kabla ya kuona: mchakacho mkavu, kama vijiti vinavyovunjwa. Huyo ni pono anayekwangua mwani juu ya matumbawe mafu kwa meno yake yaliyoungana kuwa mdomo wa kasuku. Anachosaga hutoka nyuma yake kikiwa mchanga mweupe, na sehemu ya ule mchanga uliotandikia taulo ufukweni imepita tumboni mwake. Vitatange huenda wawili wawili. Chewa hujificha kwenye kivuli cha jiwe na kukukazia macho. Ukiona pango dogo limezungushiwa magamba na vijiwe vilivyopangwa vizuri mno, subiri. Pweza yuko ndani. Ni heri umwone sasa, maana vijiji kadhaa vya Mafia hufunga baadhi ya miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha hufungua na kina mama na wavuvi kuingia kuvuna siku za bamvua.

Usisimame juu ya matumbawe. Kinachoonekana jiwe ni wanyama wadogo wengi walioungana, na mengi huongezeka urefu kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Mwaka 1998, El Niño ilipochemsha Bahari ya Hindi, matumbawe mengi ya Mafia yalipauka na kufa, na kabla ya hapo uvuvi wa baruti ulikuwa umeshabomoa sehemu nyingine. Unayoyaona leo ni yaliyonusurika na yaliyoota upya. Ukichoka, lala chali, jaketi likubebe.

Hatari za mwambani ni chache na karibu zote hutokana na kugusa. Kuna mnyama mweusi wa miiba mirefu kama sindano, ambaye humdhuru anayemkanyaga au kumgusa tu. Taa hujizika mchangani, kwa hiyo ukitembea kwenye maji ya magotini buruta miguu usiinyanyue. Atasikia mtikisiko aondoke. Kuna samaki anayefanana na jiwe lililoota kuvu, mwenye sumu kwenye miiba ya mgongo. Viatu vya mpira vyenye soli ngumu ni kinga kubwa. Akichoma yeye au taa, tumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, na uende hospitali Kilindoni huku mguu ukiwa ndani ya ndoo. Joto huivunja sumu hiyo. Kikande mkubwa anayelinda mayai yake hufukuza watu na kuuma. Eneo lake hupanuka kuelekea juu, kwa hiyo mkimbie kwa kwenda pembeni. Yavuyavu huja kwa msimu, na shati la mikono mirefu hupunguza shida.

Papa potwe

Hawa wako upande wa pili, mbele ya Kilindoni, kwenye yale maji mazito. Oktoba hadi Februari huja karibu na ufuo kufuata dagaa na vijidudu vidogo vya baharini. Watafiti waliowafungia vifaa vya sauti waligundua kwamba wengi hawahami kabisa. Miezi mingine hukaa mbali zaidi na kina kirefu zaidi. Wengi wa Mafia ni madume wachanga wa mita 6 au 7, ingawa samaki huyu anaweza kupita mita 12. Anakula kwa kuchuja. Hana haja nawe.

Boti huondoka asubuhi, na nahodha hutafuta ndege wa baharini wanaotumbukia na mashua za wavuvi wa dagaa, maana wote wanafuata chakula kimoja. Eneo hili liko nje ya mipaka ya hifadhi, hivyo heshima majini hutegemea sana nahodha uliyemchagua. Mwambie mapema kwamba hutaki kuchanganywa na boti sita zilizomzunguka samaki mmoja. Akionekana, boti isimkatize wala kumfuata kwa mashine. Iwekwe mbele na kando, mteremke taratibu bila kuruka, naye awapite. Kaa mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, kwa sababu mkia huo ukikupiga kwa bahati mbaya utausikia wiki nzima. Usimguse. Kamera isiwe na mwanga wa kumulika. Na usishindane naye mbio. Anaonekana mvivu lakini mapigo matatu ya mkia yanakuacha ukihema. Mtazame apite, kisha panda boti, nenda mbele tena.

Maji hapa yana ukungu, na hilo huwatisha wengine: hujui aliko mpaka mdomo wake mpana unatokeza mita chache mbele yako. Kama moyo wako ni mwepesi, baki umeshika kamba ya boti mara ya kwanza. Kumwona kutoka botini nako ni kumwona. Siku nyingine haonekani kabisa, na nahodha asiyeweza kutamka hilo kabla ya kupokea pesa usimlipe yote mkononi.

Alasiri za kukausha nguo

Mwili ukichoka na chumvi, vuka kwenda Chole kwa mashua ya abiria kutoka ufuo wa Utende. Ni mwendo mfupi, ila maji yakipwa utatembea kidogo matopeni. Kisiwa hiki kidogo hakina magari. Wajerumani walifanya hapa makao yao ya utawala kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913, na magofu yao sasa yameshikwa na mizizi ya miti. Mafundi bado wanaunda mashua kwa mikono, na jioni popo wakubwa wala matunda huamka mitini kwa kelele. Wazee waamkie shikamoo kabla ya kuomba picha. Juani, kisiwa jirani, kina magofu ya Kua na fukwe ambako kasa hutaga; vifaranga huanguliwa zaidi kati ya Juni na Septemba, na wanakijiji wanaolinda viota hujua siku ya kuwangojea. Kwa kasa, ni wao wa kuwauliza, si hoteli.

Dawa ya malaria, chandarua na pesa taslimu ya kutosha siku mbili visikose mzigoni; mashine ya benki ya Kilindoni si ya kuitegemea siku ya mwisho. Magamba, konokono na vipande vya matumbawe viache ufukweni, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Nunua nazi na korosho. Na kama una ndege ya kimataifa kutoka Dar es Salaam, acha siku nzima katikati, kwa sababu chombo cha Nyamisati nacho kinangoja maji yajae, na kusi ikivuma kwa nguvu huenda kisiondoke.